Charles Somerset

Lord Charles Henry Somerset (1767–1831) alikuwa jenerali wa Uingereza na gavana wa Koloni la Rasi, kusini mwa Afrika, kuanzia 1814 hadi 1826. Alikuwa mtoto wa pili wa kiume wa Duke wa tano wa Beaufort. Mdogo wake FitzRoy ndiye Lord Raglan wa Vita ya Krimea. Charles alikuwa mbunge kwa miaka mingi, na ugavana aliupata zaidi kwa nguvu ya ukoo na wakubwa wa siasa kuliko kwa ushujaa wa vitani. Mshahara wake ulikuwa pauni 10,000 kwa mwaka.

Madhara makubwa zaidi aliyafanya kwenye mpaka wa mashariki wa koloni, uliopakana na nchi ya Waxhosa. Mwaka 1817 alipatana na chifu Ngqika kana kwamba ndiye msemaji wa Waxhosa wote, mamlaka ambayo Waxhosa wenyewe hawakumpa. Mwaka uliofuata Ngqika alishindwa na baba yake mdogo, Ndlambe, huko Amalinde. Jeshi la koloni likaingia kumsaidia Ngqika, likaswaga ng'ombe wapatao 23,000 wa watu wa Ndlambe. Kwa jamii inayoishi kwa maziwa, hiyo ilikuwa njaa. Tarehe 22 Aprili 1819 Makhanda, nabii wa Waxhosa aliyekuwa upande wa Ndlambe, aliongoza maelfu ya wapiganaji kuushambulia mji wa koloni wa Grahamstown mchana kweupe, wakarudishwa kwa bunduki na mizinga. Yeye alijisalimisha, akafungwa katika kisiwa cha Robben, na akazama baharini akitoroka. Baada ya hapo Somerset alimnyang'anya Ngqika, mshirika wake mwenyewe, sehemu kubwa ya nchi iliyo kati ya mito Fish na Keiskamma. Dhuluma hiyo ilichangia vita ya 1834.

Mwaka 1820 walowezi wa Kiingereza wapatao 4,000 walipewa mashamba karibu na mpaka huo, na mwaka 1822 gavana akaamuru Kiingereza kichukue nafasi ya Kiholanzi serikalini. Ukosoaji hakuuvumilia. Mchapishaji George Greig alipoanzisha gazeti la South African Commercial Advertiser mwaka 1824, lilifungwa baada ya miezi michache na mwenyewe akaamriwa kuondoka kwenye koloni. Greig alikwenda London kudai haki, akarudi na kibali cha kulichapisha tena.

Malalamiko yalipozidi, Somerset alirejea Uingereza mwaka 1826, akajiuzulu rasmi mwaka uliofuata. Uhuru wa magazeti wa Rasi ulithibitishwa kisheria mwaka 1829, miaka miwili kabla hajafariki Brighton.