Staringi Hafi

Tulipokuwa wadogo kule Changamwe, kibanda cha video kilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyetufundisha lakini sote tuliijua: staringi hafi. Anaweza kupigwa risasi, kutupwa baharini, hata kuzikwa hai. Wewe ukishalipa shilingi zako tano ukakaa kwenye benchi, unajua mwisho wa filamu atakuwa amesimama. Anayekufa ni adui, na yule rafiki mcheshi wa staringi naye ajiandae. Baadaye, maDJ kama DJ Afro walipoanza kutusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani, sheria ilibaki ile ile.

Sheria hiyo niliibeba mpaka wadini.

Ami yetu alikuwa na miaka 71, kisukari cha muda mrefu na figo zilizochoka. Siku ya nne akiwa amelazwa, saa za kuwaona wagonjwa, moyo wake ulisimama sisi tukiwa hapo hapo na chupa ya uji mkononi. Sista akavuta pazia. Nyuma ya pazia tukasikia kitanda kikilia kwa mpigo, na sauti nyingine kama kuni kavu inayovunjwa. Baada ya dakika kama 20 pazia likafunguliwa. Daktari kijana, jasho linamtiririka hadi shingoni, akasema, "Poleni sana. Tumejitahidi." Binamu yangu, mtoto wa kwanza wa marehemu, akamvaa: "Mashine iko wapi? Mbona hamkumpiga shoti? Mmemwacha afe kwa sababu ni mzee, sivyo?"

Sikumzuia. Kusema ukweli, mimi mwenyewe nilikuwa nawaza hivyo hivyo. Sote tulikuwa tumeona kwenye runinga vile inavyofanywa. Daktari anasugua vyuma viwili, anapiga kelele watu wasogee, mwili unaruka kitandani, ule mstari ulionyooka unaanza kupanda na kushuka. Mgonjwa anakohoa, anafungua macho, anamwita mkewe kwa jina. Ami yetu hakupata hata shoti moja. Kinyongo hicho kilikaa nyumbani kwetu miaka mingi, na mimi nikaanza kukifuatilia nijue kilitoka wapi. Kilitoka mbali.

Tuanzie Cleveland, Marekani, mwaka 1947. Daktari mpasuaji Claude Beck alikuwa akimaliza kumfanyia upasuaji mvulana wa miaka 14 moyo wa kijana ulipoacha kupiga sawasawa. Beck alifungua kifua tena, akaushika moyo kwa mkono wake na kuukamua, akauendesha hivyo kwa zaidi ya nusu saa. Kisha akaagiza iletwe mashine aliyokuwa akiifanyia majaribio kwa wanyama, akaweka vyuma juu ya moyo wenyewe, akapitisha umeme. Moyo ukarudi kwenye mwendo wake. Kijana akapona. Huyo ndiye binadamu wa kwanza anayejulikana kuokolewa kwa njia hiyo. Mwaka 1956, kule Boston, Paul Zoll akaonyesha kwamba umeme unaweza kupitishwa juu ya ngozi, bila kupasua kifua.

Jambo la pili liligunduliwa kwa bahati. Katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, mhandisi wa umeme William Kouwenhoven alikuwa akifanya majaribio na mbwa. Mwaka 1958 kijana aliyefanya kazi naye, Guy Knickerbocker, akaona kitu cha ajabu: kila alipoviegemeza vile vyuma kwa nguvu kifuani mwa mbwa, presha ya damu ilipanda, hata kabla umeme haujawashwa. Yaani kule kukandamiza tu kulikuwa kunasukuma damu. Wakaungana na daktari mpasuaji James Jude, na mwaka 1960 watatu hao wakachapisha makala iliyobadilisha dunia. Ujumbe wake ulikuwa mwepesi: moyo ukisimama, mikono miwili inatosha kuanza kazi, na mwenye mikono hiyo si lazima awe mpasuaji.

Katika makala hiyo kulikuwa na hesabu ninayoomba uishike. Wagonjwa walikuwa 20, na 14 walipona. Asilimia 70. Lakini hao hawakuwa watu wa kuokotwa barabarani. Wengi mioyo yao ilisimama ndani ya hospitali, wengine wakiwa wamepewa dawa ya usingizi, madaktari wamewazunguka. Njia hiyo ilipotoka hospitalini ikaenda mitaani, kwa wazee na kwa wenye maradhi ya miaka, hesabu ilianguka. Leo huko huko Marekani, ambako ambulensi inakuja ukiipigia simu, kati ya watu kumi wanaosimama moyo nje ya hospitali, takriban mmoja ndiye anarudi nyumbani. Wanaosimama moyo wakiwa wamelazwa, ni kama mmoja kati ya wanne au watano.

Kuna mahali pamoja tu ambapo asilimia 70 haikushuka kamwe. Runingani.

Usidhani waliotengeneza vipindi hivyo walikuwa hawajali ukweli. Kipindi cha Medic, kilichoanza mwaka 1954, kilipigwa picha katika hospitali halisi, na chama cha madaktari cha Los Angeles kikapitia miswada yake. Mwaka 1955 Chama cha Madaktari cha Marekani kikaunda kamati yake ya kushauri watu wa redio, runinga na sinema. Dr. Kildare na Ben Casey vilipoanza mwaka 1961, walikuwapo madaktari wa kuangalia kama koleo limeshikwa ipasavyo na kama barakoa imefunika pua. Heshima ya daktari ililindwa sana: awe mpole, asiwe mlevi, asikosee ovyo. Kwa hiyo vifaa vilikuwa sahihi, na maneno ya kitaalamu yalikuwa sahihi. Ila mwisho wa hadithi uliachiwa mwandishi wa hadithi, na mwandishi ana sheria yake. Unaijua.

Mwaka 1994 ikaja ER, iliyobuniwa na Michael Crichton, mwandishi wa riwaya ambaye mwenyewe alisomea udaktari Harvard. Damu ilikuwa nyingi, kamera ilikimbia pamoja na kitanda, na mtazamaji alihisi yumo wadini. Miaka miwili baadaye watafiti watatu wa Kimarekani, Susan Diem, John Lantos na James Tulsky, walikaa chini wakatazama vipindi 97 vya ER, Chicago Hope na Rescue 911, wakihesabu. Waliona mioyo ikijaribiwa kufufuliwa mara 60. Waliofufuka papo hapo walikuwa asilimia 75. Walioonekana kupona hadi kutoka hospitalini, asilimia 67. Tena asilimia 65 ya waliosimama moyo walikuwa watoto, matineja au vijana, ilhali wadini ugonjwa huu ni wa watu wa umri wa Ami. Mwaka 2015 watafiti wengine wakahesabu tena, safari hii Grey's Anatomy na House. Waliofufuka papo hapo walikuwa takriban asilimia 70 vilevile. Miaka 20 imepita, kamera zimebadilika, lakini moyo wa runinga ni ule ule.

Kuna uongo mwingine, na huu ndio uliotuumiza sisi. Ule mstari ulionyooka, na ile sauti ya piii isiyokatika. Katika filamu ya Flatliners ya mwaka 1990, wanafunzi wa udaktari wanasimamisha mioyo yao makusudi hadi mstari unanyooka, kisha wanafufuliwa kwa umeme. Miaka mingi baada ya mazishi nilimuuliza rafiki yangu mmoja ambaye ni klinikali ofisa: kwa nini Ami hakupigwa shoti? Akanijibu kwa swali: "Wewe unafikiri umeme unawasha moyo?"

Nilifikiri hivyo. Yeye akanieleza kwa mfano wa darasa. Moyo una sehemu ndogo ndani yake inayotoa amri, kama monita wa darasa. Wakati mwingine fujo inazuka: kila mtoto anapiga kelele yake, monita hasikiki, msuli wote unatetemeka bila kusukuma damu. Hapo umeme ni mwalimu anayeingia ghafla na kupiga meza kwa fimbo. Kimya! Na katika kile kimya, monita anapata nafasi ya kuanza upya. Yaani shoti huzima fujo, haiwashi kitu. Sasa mstari ulionyooka ni darasa tupu. Hakuna fujo, hakuna watoto, hakuna monita. Upige meza mpaka fimbo ivunjike, utamtuliza nani? Mgonjwa kama huyo hukandamizwa kifua, hupewa adrenalini, hutafutwa sababu iliyomsimamisha moyo. Wengi wao hawarudi.

"Kwa hiyo," akaniambia, "huyo daktari hakumnyima ami yako kitu. Alifanya kile kilichokuwepo cha kufanya."

Na ile sauti ya kuni? Hizo zilikuwa mbavu. Kifua cha mtu mzima kinatakiwa kushuka angalau sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mbavu za wazee huvunjika mara nyingi hata kazi ikifanywa vizuri. Mwigizaji hawezi kumfanyia mwigizaji mwenzake hivyo, atamuua. Ndiyo maana kwenye filamu daktari anakunja viwiko na kubonyeza kidogo kidogo kama mtu anayekanda unga wa maandazi. Tukaona kazi ya kweli, tukaidhania ukatili.

Utaniambia, sinema ni sinema, nani huenda kujifunza udaktari humo? Sawa. Katika Casino Royale ya mwaka 2006, James Bond anawekewa sumu, anashtuliwa moyo ndani ya gari lake, kisha anarudi mezani kuendelea na karata. Sote tunacheka. Lakini picha hukaa kichwani hata ukiicheka, na siku moja utatakiwa kuamua. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani waliwauliza wagonjwa wazee kama wangetaka kufufuliwa moyo ukisimama wakati wa ugonjwa wa ghafla. Asilimia 41 walikubali. Walipoambiwa uwezekano halisi wa kupona, waliobaki kukubali walikuwa asilimia 22. Wazee hao walikuwa na akili zao timamu. Walikuwa wanaamua kwa hesabu ya uongo tu.

Ajabu ni kwamba runinga hiyo hiyo imewahi kutuonyesha ukweli, na hakuna aliyeuandikia mswada. Tarehe 26 Juni 2003, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara mjini Lyon, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka katikati ya uwanja, hakuna aliyemgusa. Alikuwa na miaka 28. Walijaribu kumfufua kwa muda mrefu, hakurudi. Machi 2012 Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka kwenye uwanja wa Tottenham akiichezea Bolton. Alipigwa shoti 15, akaishi, lakini mpira wa kulipwa ukawa umekwisha kwake. Kijana, mwanariadha, madaktari hatua chache kutoka alipoangukia, na bado matokeo ni mawili, kuishi na kutoishi. Kila Mwafrika aliyemlilia Foé alijua, angalau usiku huo, kwamba staringi hufa.

Juni 2021 tulikuwa kwa binamu yangu tukitazama Denmark na Finland. Christian Eriksen akaanguka. Wachezaji wenzake wakamzunguka, wakageuza migongo, kamera zisimwone. Kati ya miguu yao tuliona mtu akikandamizwa kifua, mikono imenyooka, mwili mzima wa mwokoaji ukiingia katika kila mpigo. Pale sebuleni hakuna aliyesema neno. Eriksen aliokolewa, na mwaka uliofuata alirudi uwanjani akiwa na kifaa kifuani mwake. Lakini wakati ule hatukujua. Binamu yangu alikuwa anautazama ule ukuta wa migongo. Akasema taratibu, "Kama lile pazia." Hapo ndipo nilipomweleza habari ya darasa tupu. Alisikiliza mpaka mwisho, hakujibu.

Mwaka jana kazini kwao waliletewa mafunzo ya huduma ya kwanza. Walifundishwa kwa mwanasesere wa plastiki aitwaye Anne. Alitengenezwa mwaka 1960 na Asmund Laerdal, mtu wa Norway aliyekuwa akitengeneza vitu vya watoto kuchezea, na sura yake inatokana na kinyago cha msichana asiyejulikana jina, ambaye inasimuliwa alizama katika mto Seine kule Paris. Dunia nzima imejifunza kufufua kwenye uso wa mtu ambaye hakuna aliyemfufua.

Jioni ile binamu yangu alinipigia simu. Hakunisalimia hata. "Nimefanya dakika mbili tu," akasema. "Mbili. Mikono imekufa, shati limelowa, pumzi sina." Akanyamaza kidogo. "Yule daktari alifanya 20, bro. Na mimi nikamtukana."