Samaki Waliwekewa Ziwa, Njia Ikasahaulika

Wasee, Ziwa Naivasha liko kama kilomita 90 tu kutoka Nairobi na nusu yenu mmepiga picha pale. Lakini je, mnajua karibu kila samaki anayevuliwa pale aliletwa? Hizi si stori za jaba. Samaki wa asili wa ziwa hilo alikuwa mdogo kama kidole, na mara ya mwisho kuonekana ni 1962.

Anza na watu kwanza. Mkataba wa 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa, Naivasha ikiwemo, ndio walowezi wapate nafasi. Walowezi wakishakaa, wanataka raha. Huko Aberdare walikuwa wanaweka trauti mitoni tangu 1905. Naivasha ikaletewa tilapia mwaka 1925, kutoka Mto Athi, na si ati watu wale. Walikuwa chakula cha samaki mwingine, bass wa Marekani, aliyefuata miaka michache baadaye. Bass naye aliletwa juu akinasa kwa ndoano anapigana vizuri. Yaani kuna samaki aliletwa kulisha samaki aliyeletwa kuchangamsha mtu wikendi. Uvuvi wa nyavu wa kibiashara ulianza tu 1959.

Ufuo nao ukawa na wenyewe. Wenye mashamba kando ya ziwa waliunda chama chao tangu enzi hizo za ukoloni, na mpaka leo sehemu kubwa ya ukingo iko nyuma ya ua na lango. Sisi wengine tunapitia fuo chache za umma kama Karagita na Kamere.

Halafu kuna hii, naipenda sana: kuanzia 1937, ndege za Imperial Airways zilikuwa zinatua majini pale Naivasha. Mtu anatoka Southampton, anatua ziwani, anashushwa, anapelekwa Nairobi kwa gari. Kwa hivyo swali la jinsi ya kumtoa mtu majini hadi nchi kavu bila kulowesha viatu lilijibiwa kitambo, kabla babu yangu azaliwe. Ilitegemea tu mtu ni nani.

Binamu yangu anatumia kiti cha magurudumu tangu ajali ya bodaboda. Ni mvuvi kuniliko. Mwaka jana tulienda naye, na makanga akatutoza nauli ya kiti cha ziada juu ya kile cha magurudumu, lakini hiyo ni siku yake ingine. Tulienda kutafuta carp. Carp alionekana Naivasha mara ya kwanza 2001, mwaka uleule uvuvi ulifungwa kwa sababu samaki walikuwa wamekwisha, na ndani ya miaka kama kumi ndiye akawa sehemu kubwa kabisa ya mavuno. Waingereza wangemweka kwa daraja la chini, maana kwao trauti na samoni ndio samaki wa heshima na wengine wote ni wa mtu yeyote. Sawa, sisi ndio mtu yeyote. Carp anakula chini kwenye matope, anapenda ugali, na anavuliwa ukiwa umekaa. Unatupa, unaweka ufito chini, unangoja. Ukiniuliza, hakuna mchezo unaomfaa mtu wa kiti cha magurudumu kuliko huu.

Lakini hatua kama thelathini za mwisho zilikuwa matope matupu. Wavuvi wawili wakambeba kama gunia la viazi, kwa roho safi kabisa, na yeye akacheka nao. Alishika carp wawili. Tukirudi kwa mat akaniambia hataki kubebwa tena, hata kama ni kwenda mbinguni.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufikia maeneo yote kwa njia inayofaa. Maeneo yote. Hakijasema ofisi na benki pekee.

Kuna wasee watanijibu ati ziwa hupanda na kushuka, ukijenga gati litazama. Kweli, 2020 maji yaliingia hadi kwenye nyumba za watu Kihoto. Ndio maana unajenga gati linaloelea: mbao juu ya mapipa, kizuizi pembeni magurudumu yasiteleze, na ngazi ya mteremko, kila mita 1 ya kupanda iwe na mita 12 za urefu. Liwe mbali na njia ya viboko, maana kiboko hangoji mtu ageuze kiti. Choo chenye mlango mpana. Mafundi wa mashua wako palepale Kamere na mapipa yanauzwa Naivasha mjini. Binamu yangu tayari amechora mchoro nyuma ya kitabu changu cha chuo, kile ambacho sikuwa nakitumia tena.