Kushona Mdomo Uliopasuka: Historia Yake na Watoto wa Mara

Historia ya upasuaji aghalabu imeandikwa na washika kisu. Aliyelala chini ya kisu hakupata mwandishi. Kwa hiyo yafaa kuanza na mtu mmoja aliyezijua pande zote mbili. John Stephenson, mwanafunzi wa utabibu kutoka Montreal, alizaliwa na kaakaa lililopasuka. Mwaka 1819 mpasuaji Roux alimshona mjini Paris, hali nusukaputi ilikuwa haijajulikana, kwani etha ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846. Mwaka 1820 Stephenson alitoa tasnifu yake Edinburgh juu ya kazi ile ile iliyofanywa kinywani mwake. Alikuwa mtu mzima, mjuzi wa jambo alilolikubali.

Mtoto wa leo hana fursa hiyo, wala hapasuliwi mara moja tu. Mdomo hushonwa apatapo miezi 3 hivi, iwapo uzito na damu yake vyatosha. Kaakaa hufuata kati ya miezi 9 na 18. Baadhi hupasuliwa tena ili sauti isipotelee puani. Kati ya miaka 8 na 11 ufizi uliopasuka hutiwa mfupa, aghalabu wa nyonga. Pua na taya husubiri ujana. Watoto wa mashamba mara nyingi huletwa umri wa kwanza umekwisha kuwapita.

Hapa mwanafunzi wa lugha ana neno la kusema. Ili kutamka b, midomo hufumba na kaakaa laini huiziba njia ya pua. Njia hiyo ikibaki wazi, b husikika kama m. Mtoto amwitapo "baba", watu husikia "mama". Neno analo, ila pumzi imemponyoka. Nasi tuliomwita mwenye "mdomo wa sungura" tumemwongezea mzigo wa jina.

Mwaka 1957 wapasuaji watatu wa kurekebisha maungo, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari warukao kwa ndege katika Afrika Mashariki. McIndoe alikuwa amewatibu marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili. Baadhi yao walipasuliwa mara nyingi mno, na mwaka 1941 waliunda chama chao huko East Grinstead, wakacheka na kunywa pamoja. Jambo hili halingekuwa geni kwa Wakuria wa Tarime, ambao vijana wao hutahiriwa kwa msimu, kila mmoja na rika lake. Maumivu yakiwa na wenzi huwa na maana.

Lakini mtoto wa Tarime au wa Mugumu, wilayani Serengeti, aendaye Mwanza kushonwa katika Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, husafiri zaidi ya kilomita 200 bila rika. Safari ya kwanza alibebwa mgongoni, hakujua kitu. Safari za baadaye anajua: njaa ya kabla ya kupasuliwa, kiu ya baada yake, uji wa siku nyingi, masomo yaliyompita, na kioo anachokiendea kwa matumaini kila mara. Wazazi huhesabu nauli na siku za shamba. Yeye huhesabu makovu.

Mshono wa mdomo na wa kaakaa wazazi hawana budi kuuamua, kwa kuwa kula na kusema havingoji. Walakini mshono wa pua kwa kijana wa miaka 16 ni shauri lake kwanza. Aweza kuutaka, aweza pia kusema kwamba imetosha, na jibu hilo lastahili heshima sawa na lile la kwanza. Stephenson alipata kusema na kuandika. Wataalamu wakiwauliza watoto wa Mara kabla ya kila safari, na kuandika majibu yao, historia hii itapata sehemu yake iliyopungua.