Redio ya Umma na Mazungumzo ya Wananchi katika Bonde la Ufa: Historia Fupi

Redio ya umma nchini Kenya makao yake makuu yako Nairobi, kwenye Jumba la Utangazaji katika Barabara ya Harry Thuku. Hata hivyo, historia ya vipindi vyake vya mazungumzo haikamiliki bila kuitaja Nakuru na Bonde la Ufa la kati. Mji huu ulikua kwa reli na mashamba, ukapokea watu wa kila kabila waliokuja kutafuta kazi na ardhi. Mitaa kama Free Area, iliyo upande wa mashariki kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi, ilijaa majirani waliotoka mbali na ambao lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Kwa watu wa namna hiyo, kipindi cha redio kinachouliza swali na kusubiri jibu kilikuwa baraza lao la kwanza la kitaifa.

Matangazo ya redio yalianza Nairobi mwaka 1928, yakiwa ya Kiingereza na yakiwalenga walowezi. Wengi wa walowezi hao waliishi huku Bonde la Ufa, kwenye mashamba ya Njoro, Molo, Naivasha na Subukia, na redio iliwaletea habari za Uingereza na bei za mazao. Kampuni ya Cable and Wireless ndiyo iliyokuja kuendesha mitambo. Mwafrika hakuhesabiwa kuwa msikilizaji hadi Vita vya Pili vya Dunia, vijana walipopelekwa Abisinia na Burma na familia zao zikahitaji kujua yaliyowapata. Hapo Kiswahili na lugha nyingine za nyumbani zikaanza kusikika hewani, kwa dakika chache tu, na watu wakakusanyika mbele ya redio za pamoja kusikiliza.

Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilipanua haraka huduma ya utangazaji kwa Waafrika. Nia yake ilikuwa kuwashawishi wananchi, na hilo linajulikana. Lakini katika kazi hiyo walipatikana watangazaji Waafrika waliojifunza kusimama mbele ya kipaza sauti na kuzungumza na watu wao kwa lugha wanayoielewa. Katika miaka hiyo ya 1950 vilikuwapo vituo vya mikoani: Sauti ya Mvita mjini Mombasa, kituo cha Mlima Kenya huko Nyeri, na kituo cha Ziwa Victoria mjini Kisumu. Bonde la Ufa halikupewa kituo chake. Lugha za Wakalenjin zilisikika kupitia Nairobi na baadaye Kisumu, na mkazi wa Nakuru alizoea kuelekeza waya wa redio yake kokote mawimbi yalikotoka vizuri. Upungufu huo ulikuwa na faida yake: msikilizaji wa Nakuru aliyasikia ya pwani, ya ziwani na ya mlimani, akajua kwamba shida ya karo na ya bei ya unga haikuwa yake peke yake.

Mwaka 1959 ilianzishwa Huduma ya Utangazaji ya Kenya, na tarehe 1 Julai 1961 ikageuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC ya kwanza. Uhuru ukabisha hodi. Tarehe 12 Agosti 1963, katika ukumbi wa mji wa Nakuru, Jomo Kenyatta alikutana na mamia ya walowezi waliokuja wakiwa na hofu ya kulipiziwa kisasi, akaziomba pande zote zisameheane na wakulima wabaki walime. Hotuba ile haikuwa kipindi cha redio, lakini iliweka kipimo cha mazungumzo ya umma katika mji huu: watu wenye malalamiko makubwa walikaa ukumbi mmoja na kusikilizana. Mwaka huohuo wa 1963 lilianzishwa Shirika la Habari la Kenya, ambalo waandishi wake mikoani, Nakuru wakiwemo, walipeleka Nairobi habari za ukame, za mikutano ya machifu na za maonyesho ya kilimo. Tarehe 1 Julai 1964, Achieng Oneko akiwa waziri anayehusika na habari, shirika lilichukuliwa na serikali na kupewa jina la Sauti ya Kenya.

Katika mwaka huo wa 1964 aliingia studio kijana ambaye jina lake limefunika mengine yote katika historia hii, na kwa haki kabisa. Leonard Mambo Mbotela alizaliwa Mombasa mwaka 1940, katika familia yenye mizizi Freretown, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka utumwani. Baba yake, James Mbotela, ndiye mwandishi wa kitabu Uhuru wa Watumwa kilichochapishwa mwaka 1934. Kiswahili cha nyumba ile kilikuwa cha kusimulia na cha kuheshimiana, na mtoto alikibeba. Wakazi wa Nakuru wana sababu yao ya kujivunia: kabla ya kwenda Sauti ya Kenya, Mbotela alianza kazi ya uandishi mwaka 1962 akiwa mwanagenzi wa Nakuru Press. Mtu ambaye baadaye aliwafundisha Wakenya kujadiliana hewani alijifunza kuuliza maswali katika mji huu.

Mwaka 1966 akaanzisha kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? Muundo wake ulikuwa rahisi mno. Mbotela alieleza tabia moja aliyoiona au aliyoandikiwa na msikilizaji, akaisimulia taratibu kwa sauti ya mzee anayeongea na watoto wake, kisha akauliza swali lililokipa kipindi jina. Mgeni afikaye kila siku wakati wa chakula. Kijana aliyekaa kwenye kiti cha basi huku mama mjamzito amesimama. Mtu anayeongea kwa sauti ya juu msibani. Hakumtaja mtu, hakumtukana mtu, wala hakutoa hukumu. Swali liliachwa mikononi mwa wasikilizaji, na mjadala ukaendelea nje ya redio: hotelini juu ya chai ya maziwa, kwa kinyozi, kwenye foleni ya maji.

Ni kweli kwamba kipindi hiki hakikuzungumzia siasa. Ila ni kosa kukiona kuwa cha adabu za mezani tu. Katika miaka ambayo mambo makubwa ya nchi hayakujadiliwa hewani kwa uwazi, kipindi hiki kilimzoesha mwananchi wa kawaida kwamba maoni yake yana thamani, kwamba anaweza kutofautiana na jirani bila ugomvi, na kwamba mwenendo wa watu mahali pa umma ni jambo la kila mtu. Vipindi vyote vya mazungumzo vilivyokuja baadaye, hata vile vikali vya asubuhi vya siku hizi, vilisimama juu ya msingi huo.

Inafaa kukumbuka jinsi mazungumzo hayo yalivyofanyika kabla ya simu za mkononi. Redio zilitumia betri kubwa, na betri zilikuwa ghali. Zikianza kuchoka zilitolewa na kuanikwa juani juu ya bati, zikapata nguvu ya kumalizia taarifa ya jioni. Ndani ya ploti za nyumba za kupanga redio moja ilitosha milango kadhaa, na mwenye redio hakuthubutu kuizima kipindi kikiwa katikati. Msikilizaji aliyetaka kusema neno aliandika barua, au alinunua dukani kadi ya salamu, akajaza jina lake, mtaa wake na orodha ndefu ya anaowasalimu, kisha akaituma kwa Sanduku la Posta 30456, Nairobi. Baada ya hapo alingoja kwa siku nyingi. Siku jina lilipotajwa hewani, pamoja na jina la mtaa, mwenye kadi alipata umaarufu wa kweli, na majirani walimpongeza kana kwamba amefaulu mtihani. Chini ya salamu mara nyingi paliandikwa ujumbe: wazazi walipe karo mapema, madereva wapunguze mwendo, vijana warudi shambani. Huo nao ulikuwa mjadala wa umma, ukiendeshwa kwa mistari miwili kwa wakati.

Taarifa ya habari ya saa saba mchana ilikuwa na nafasi yake ya pekee. Uteuzi na mabadiliko serikalini yalitangazwa hapo, na wakubwa kwa wadogo walinyamaza kusikiliza. Saa hiyo redio ilikuwa ya kutoa habari tu, na mwananchi alisubiri hadi kipindi kiishe ndipo aseme lake.

Sauti ya Kenya ilipitia majaribu. Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa jeshi la anga walimchukua Mbotela nyumbani kwake alfajiri na kumlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Kabla siku haijaisha, wanajeshi watiifu walikuwa wameikomboa studio, na sauti ileile ikawatuliza wananchi kwamba serikali ya Rais Daniel arap Moi ingali imara. Alisimulia tukio hilo mara nyingi katika uzee wake, bila kujikweza, na kila mara alisisitiza kwamba aliyafanya yote akiwa chini ya mtutu wa bunduki.

Mwaka 1989 jina la KBC lilirudi. Miaka ya 1990 ilileta vyama vingi na, kufikia 1996, redio za kibinafsi za FM. Mwaka 2000 Kameme FM ilianza kutangaza kwa Kikuyu, na redio nyingine za lugha za nyumbani zikafuata, ikiwemo Kass FM kwa Wakalenjin. Mwaka huohuo wa 2000 kampuni mbili za simu za mkononi zilianza kushindania wateja, na barua ikapitwa na wakati. Msikilizaji wa Free Area akaweza kupiga simu na kusikika papo hapo, na mtangazaji hakuwa tena na muda wa kuisoma barua kwanza ili kuondoa ukali wake. KBC nayo ilipanua idhaa zake za kimaeneo: Kitwek FM kwa Wakalenjin, Coro FM kwa Wakikuyu, Mayienga FM kwa Waluo, Minto FM kwa Wakisii, Ingo FM kwa Waluhya, Mwatu FM kwa Wakamba, Nosim FM kwa Wamaasai, Pwani FM na Iftiin FM. Idhaa ya Taifa ilibaki ya Kiswahili, na kwa mji wenye mchanganyiko kama Nakuru uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko mingine yote.

Msimu wa mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 ulikuwa mgumu kwa nchi kwa sababu ya ghasia za baada ya uchaguzi, na Nakuru iliguswa sana. Tarehe 30 Desemba 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na vipindi vya kupiga simu vikanyamaza kwa wiki kadhaa. Mwisho wa Januari mji uliwekwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku. Baadaye yaliulizwa maswali mazito kuhusu yaliyosemwa katika baadhi ya redio za lugha za nyumbani. Mtangazaji mmoja wa redio ya kibinafsi alifikishwa mbele ya mahakama ya The Hague, na kesi yake ikasitishwa Aprili 2016. Kwa watangazaji wa Bonde la Ufa somo liliingia: anayefungua simu ana wajibu wa kujua jinsi ya kuifunga.

Hatua nyingine za miaka ya karibuni ni hizi. Mwaka 2008 iliundwa Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano, na lugha ya uchochezi ikawekewa sheria. Tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ilizinduliwa, na kifungu cha 34 kikaagiza vyombo vya habari vya serikali viwe huru kuamua maudhui yake, visiegemee upande, na vitoe nafasi kwa maoni yanayopingana. Mwaka 2013 kaunti zilianza kazi, na mijadala ikahama kutoka kwa waziri kwenda kwa gavana na wawakilishi wa wadi. Redio zenye makao Nakuru zikapata sikio kubwa, zikiwemo Radio Amani ya Jimbo Katoliki la Nakuru na Sauti ya Mwananchi. Bwawa la Patel lilipopasuka Solai tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40, redio ilikuwa mahali pa kutafutia jamaa na pa kuulizia wenye dhamana. Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilitunukiwa hadhi ya jiji, na swali la siku nyingi likawa wananchi wapate nini zaidi kwa hadhi hiyo. Mafuriko ya Mai Mahiu ya tarehe 29 Aprili 2024 yakarudisha mjadala wa mito na makazi.

Leonard Mambo Mbotela alifariki tarehe 7 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 84. Kipindi chake kilikuwa kimedumu zaidi ya nusu karne. Mengi ya miaka ile ya mwanzo yamebaki katika kanda, katika barua na katika kadi za salamu zilizosahaulika kabatini. Kila aliye nazo, Free Area na kwingineko katika Bonde la Ufa, anaombwa asizitupe wala asiziache ziliwe na mchwa, bali azifikishe maktaba ya umma au KBC yenyewe ili zihifadhiwe pamoja na majina ya waliozituma.