Kujiombea Si Uchoyo

Somo: Luka 18:9-14



Sisi wa Manyatta tunajua kuombea mambo mengi. Tunaombea mvua, majani chai na kahawa, wagonjwa, na watoto wanaofanya mitihani. Ni vyema. Lakini ni lini tulipopiga magoti na kumwambia Mungu, "Bwana, leo sikuja kwa ajili ya mwingine, nivute mimi karibu nawe"? Wengine hudhani kwamba kujiombea hivyo ni uchoyo. Nasi wachungaji tumo hatarini zaidi, maana twaweza kuongoza ibada kila Jumapili huku mioyo yetu imepoa.

Hebu tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1910 Dk. T.W.W. Crawford wa CMS alifungua misheni ya Kigari, hapa kwetu. Watu walisoma, wakabatizwa. Lakini miaka ilipopita, Makanisa mengi ya Afrika Mashariki yalikuwa na Wakristo wa jina tu.

Mungu aliliamsha Kanisa kwa njia gani? Septemba 1929, kule Namirembe, Kampala, watu wawili walikutana. Mmoja alikuwa Dk. Joe Church, Mwingereza, daktari wa Gahini, Rwanda, aliyekuwa amechoka sana baada ya njaa kuu ya nchi ile. Wa pili alikuwa Simeoni Nsibambi, Mganda. Hawakukaa kama mwalimu na mwanafunzi. Walikaa kama wahitaji wawili, wakasoma Biblia na kumwomba Mungu awajaze wao wenyewe Roho Mtakatifu.

Ndugu mdogo wa Nsibambi, shemasi Blasio Kigozi, alihudumu Gahini. Mwaka 1935, alipoona huduma yake haina nguvu, alijitenga kwa juma zima ili aombe. Alipotoka, aliwaita wengine watubu, naye mwenyewe alikuwa ametangulia kutubu. Alifariki Januari 1936, lakini moto haukuzimika. Mwaka 1937 kikosi cha ndugu kilifika Kabete, na Uamsho ukaenea mpaka kwetu mlimani.

Kisha jaribu likaja. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, ndugu wengi wa Uamsho katika Kenya ya kati walikataa kula kiapo, wakakataa na kushika bunduki. Baadhi yao waliuawa. Nguvu ya kusimama hivyo haipatikani siku ya jaribu. Huwekwa akiba mapema, magotini.

Ndugu zangu, mfereji ukiziba huko juu, shamba la chini hukauka, hata likilimwa vizuri namna gani. Tutawapaje watoto wetu maji tusiyokuwa nayo? Farisayo wa somo letu aliwataja wenzake; mtoza ushuru alijitaja yeye peke yake, na ndiye aliyerudi nyumbani amekubaliwa na Mungu.

Basi kesho alfajiri, kabla hatujashika kikapu cha kuchumia chai, tuanze na nafsi zetu. Tusome mwisho wa Zaburi ya 139, tumruhusu Mungu atuchunguze. Akituonyesha jirani tuliyemkosea, twende tukapatane naye. Ndipo tutakapowaombea wengine kwa moyo ulio hai.

Tuombe. Ee Bwana, tumeombea nyumba za wengine na kuisahau yetu. Utusamehe, utusafishe, utusogeze karibu nawe leo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.