Kolwezi: historia iko chini ya miguu yetu

Mgeni akifika Kolwezi na kuuliza jumba la makumbusho, wengi tunamwelekeza Lubumbashi, kilomita kama 300. Huko kuna misalaba ya shaba ambayo wazee wetu waliyeyusha karne nyingi kabla ya Mzungu kufika, wakaitumia kama mali katika biashara na mahari. Lakini mgeni huyo asiondoke haraka. Mji wetu, makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu 2015, una mengi ya kuonyesha, hata kama hakuna mlango wa kukatia tiketi.

Aanzie kituo cha treni. Reli ya Tenke kwenda Dilolo na bandari ya Lobito ilikamilika 1931, miaka sita kabla Union Minière haijaanzisha mji wenyewe mwaka 1937. Kwa treni kumpanyi ilileta wafanyakazi, wengi wao kutoka Kasai. Na mwaka 1993 watoto na wajukuu wa hao wafanyakazi walifukuzwa, wakalala hapo kituoni kwa wiki na miezi wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai, mahali ambapo baadhi yao hawakuwahi kukanyaga. Wengi walikufa, hasa watoto. Kama kuna sehemu moja mjini inayostahili ukumbusho, kwangu mimi ni hiyo.

Watu wa Ulaya huuliza zaidi vita ya 1978. Tarehe 13 Mei wapiganaji wa FNLC waliotoka Angola waliuteka mji; tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka, kesho yake Wabelgiji. Mamia waliuawa, weupe kwa weusi. Filamu ya 1980 juu ya siku hizo ilipigwa Guyana ya Ufaransa, basi anayetafuta hapa mitaa aliyoiona kwenye filamu atazunguka bure.

Jumapili kuna ziwa la Nzilo, ambapo mto Lualaba ulizuiwa kwa bwawa la umeme miaka ya 1950. Pazuri, na samaki wapo.

Ila ningemsihi awahi Cité Gécamines. Union Minière ilipochukuliwa na serikali mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, nyumba, shule, hospitali na posho ya unga viliendelea kutoka kwa kumpanyi. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka 1990, hayo yote yakaanza kuporomoka nayo. Sasa mgodi wa shaba na kobalti umepanuka hadi ndani ya mtaa, na nyumba zinabomolewa. Septemba 2023 Amnesty International ilitoa ripoti juu ya wakaaji waliohamishwa bila haki zao kuheshimiwa. Kasulo nako, mtu mmoja alichimba kiwanja chake mwaka 2014 akakuta kobalti, na muda si mrefu majirani walikuwa wanachimba hadi chini ya vyumba vya kulala. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilihamishwa, ikazungushiwa ukuta, ikakabidhiwa kampuni ya Kichina.

Ukienda Cité, nenda asubuhi. Usipige picha karibu na ukuta wa mgodi kabla ya kuomba ruhusa. Tafuta mzee mmoja mstaafu wa Gécamines, umsalimie vizuri, halafu mwombe akuonyeshe nyumba yake ya zamani ilikuwa upande gani.