Ngazi 104 za Marseille

Kwenye albamu ya bibi yangu, Unguja, kuna picha moja iliyokatwa kwa mkasi sehemu ya juu. Kilichobaki ni kijana aliyevaa koti kubwa kuliko yeye, nyuma yake ukuta wa mawe, na juu ya bega lake herufi zinazosomeka AFRIQUE. Ni kaka yake bibi, Mngazija, aliyepanda meli ya Wafaransa miaka ya 1950 akafanye kazi kwenye chumba cha mashine, asirudi tena. Sisi watoto tulikua tukiamini kwamba alisimama mbele ya ubalozi fulani.

Mwaka jana nilipata safari ya kikazi Ufaransa, nikajiongezea siku 3 za Marseille kwa pesa yangu. Ukishuka kwenye treni pale Saint-Charles huhitaji mtembeza watalii. Toka nje tu. Stesheni iko juu ya kilima, na mji wote umetandazwa chini yako: mapaa ya vigae, na kwenye kilima cha pili kanisa la Notre-Dame de la Garde lenye sanamu ya Maria iliyopakwa dhahabu. Stesheni ilifunguliwa 1848, na kwa karibu miaka 80 abiria walihangaika na mizigo yao kupanda na kushuka kilima. Ngazi hizi pana, 104 kwa hesabu, zilizinduliwa 1927. Watalii huzikalia jioni wakila chipsi na kupiga selfi. Mimi nilishuka polepole kwa sababu ya begi, na nilipofika chini nikakuta ule ukuta.

Si ukuta. Ni jukwaa la sanamu. Limeandikwa COLONIES D'AFRIQUE, yaani makoloni ya Afrika, na juu yake amejinyoosha mwanamke wa jiwe, kifua wazi. Upande wa pili yuko mwenzake wa makoloni ya Asia. Aliyewachonga wote wawili ni Louis Botinelly. Kumbe ile picha haikukatwa kwa hasira wala kwa bahati mbaya. Bibi, mtu wa msikitini, asingeweza kuweka vile vitu kwenye albamu ya familia.

Nilicheka peke yangu pale chini, halafu kicheko kikaisha. Mji huu ulikuwa umeshafanya maonyesho makubwa mawili ya makoloni, 1906 na 1922, na ngazi zilijengwa katika hali hiyohiyo ya kujisifu kwamba Marseille ndiyo lango la himaya. Msafiri alitakiwa kujua hilo kabla hajafika hotelini. Na kaka yake bibi, aliyetoka kwenye moja ya makoloni yenyewe, alichagua kupigwa picha pale. Labda alipapenda. Labda Afrika ndilo neno pekee alilolitambua mji mzima. Sitaki kumsemea.

Njia iliyomfikisha ilikuwa ya zamani. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa 1869, safari ya kutoka Marseille kuja bahari yetu ilifupika mno, na mwishoni mwa karne ile meli za Messageries Maritimes zilikuwa zinatia nanga Unguja zikielekea Madagaska na Réunion. Wapenzi wa ushairi mtakumbuka kwamba Arthur Rimbaud, akiwa mfanyabiashara Aden na Harar, aliwaandikia ndugu zake mara kadhaa kwamba anafikiria kwenda Zanzibar. Hakufika. Alirudishwa Marseille mgonjwa, akakatwa mguu Mei 1891, na akafia hospitalini hapo tarehe 10 Novemba, akiwa na miaka 37. Yeye alitamani kuja kwetu, wa kwetu wakatamani kwenda kwake. Meli zilikuwa zilezile.

Wangazija waliokwenda kama mabaharia walianza kuhamia kwa wingi kiasi hata leo wapo wanaouita mji huu kisiwa kingine cha Komoro. Kwenye soko la Noailles nilimwamkia mama mmoja shikamoo, kwa kubahatisha tu. Akaitikia marahaba bila kushtuka. Kingazija chake nilikielewa nusu, Kiswahili changu akakielewa zaidi ya nusu. Nilipomwonyesha picha kwenye simu hakumjua mtu yule, ila alipajua mahali. Akasema hata baba yake anayo ya hapohapo.

Bandari ya zamani, Vieux-Port, ndipo kila mgeni anapoishia. Asubuhi wavuvi wanauza samaki kando ya maji, na pembeni kuna paa la kioo la Norman Foster ambapo watu hujitazama kichwa chini. Pazuri, sikatai. Lakini tazama upande wa kaskazini, majengo yale yanayofanana fanana. Januari 1943 Wajerumani, wakisaidiwa na polisi wa Kifaransa, waliwatoa watu wapatao 20,000 kwenye mtaa ule, kisha wakaulipua kwa baruti, majengo kama 1,500. Mamia kwa mamia walipelekwa kambini, wengi wao Wayahudi. Mtaa huo ndio ambao Claude McKay, Mjamaika, aliuandika kwenye riwaya ya Banjo, 1929: mabaharia weusi, wapiga vyombo, wasio na kazi. Anayetaka kuwaona mabaharia wale leo asome kitabu, maana nyumba zenyewe zimekwisha.

Makumbusho ya Mucem, yaliyofunguliwa 2013, niliyapitia haraka. Siku ya mwisho nilipanda basi kwenda vitongoji vya kaskazini, ambako vijitabu vya watalii havikupeleki. Huko kuna barabara inayoitwa Ibrahim Ali. Alikuwa na miaka 17, mtoto wa familia ya Kikomoro. Tarehe 21 Februari 1995 alikuwa anatoka mazoezini na wenzake wa kundi la rap, wanakimbilia basi, akapigwa risasi ya mgongoni na mbandika mabango wa chama cha National Front. Mahakama ilitoa hukumu 1998. Jina lake kuwekwa barabarani kulichukua muda mrefu zaidi: kibao kilizinduliwa 2021.

Hakuna cha kutazama hapo. Magari yanapita, kuna kituo cha basi. Nilipiga picha kibao, nikamtumia mama mdogo Unguja pamoja na ile ya sanamu nzima, bila kukata. Ya sanamu hakuitaja kabisa. Ya kibao aliuliza kama huyo ni wa kwetu.

Nikamjibu kwamba ni Mngazija, na basi likaja.